Samaki Walioota Miguu

Kila asubuhi, kabla ya wengine kuamka, Mayu alitoka nje na kigoda chake. Alikiweka pembeni mwa nyumba, upande jua linakochomoza, akakaa. Mbele yake palikuwa na migomba. Chini ya migomba palikuwa na bonde lenye kijito. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kilima, na nyuma ya kilima hicho vilima vingine vingi. Ziwa lilikuwa mbali sana, nyuma ya vilima vyote hivyo. Ukiwa Kirushya, kijiji chao wilayani Ngara, huwezi kuliona. Macho ya Mayu nayo yalikuwa na ukungu. Hata migomba aliiona kama vivuli tu. Lakini alitazama huko huko kila siku.

Neno "mayu" ni "mama" kwa Kisukuma. Jina lake hasa lilikuwa Minza. Alizaliwa kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Sengerema. Aliolewa na mvuvi huko huko, akazeekea huko huko. Mume wake alifariki. Baadaye maji ya ziwa yakapanda, yakaingia ndani ya nyumba, na kuta zikaanguka. Ndipo binti yake, Christina, alipomfuata na kumleta Ngara.

Christina alikuwa ameolewa Kirushya na Abeli, Mhangaza wa huko Ngara, mkulima wa migomba na maharage. Walikuwa na binti mmoja, Happyness, aliyekuwa shule ya msingi. Nyumba yao ilikuwa na amani. Abeli alimheshimu sana mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama," alimwambia kila asubuhi.

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Umelala vizuri?"

"Nimelala."

Baada ya hapo Mayu alinyamaza. Hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kisukuma isipokuwa Christina. Christina akienda shambani, Mayu alizungumza Kisukuma na kuku.

Tatizo kubwa lilikuwa chakula. Mayu hakula vizuri. Alipewa ndizi na maharage, akala vijiko viwili, akasukuma sahani. Christina alikwenda gulioni Benaco, akanunua dagaa na sato mkavu. Alimpikia kwa nyanya na karanga. Mayu alinusa, akashukuru.

"Mpe Happyness," alisema.

"Mayu, unakonda. Unataka nini?"

"Nataka samaki aliyekufa leo."

Samaki wabichi walifika Ngara wakiwa kwenye barafu. Walikuwa wamekufa siku nyingi.

"Basi nirudishe nyanza," Mayu alisema. Nyanza ndilo jina walilotumia kwao kuliita ziwa.

"Nyumba haipo, Mayu."

"Najua haipo. Nitakaa kwa jirani. Hata kwenye banda la nyavu nitakaa. Nikisikia maji, nitalala."

Christina aliingia jikoni haraka. Hakutaka mama yake asikie kwamba analia. Yeye pia alikuwa mtoto wa ziwa. Miaka mingi ilikuwa imepita, lakini bado kulikuwa na siku alizoamka akidhani anasikia mawimbi. Akitega sikio vizuri, ulikuwa upepo kwenye migomba.

Abeli aliyasikia maneno yale. Jioni, walipokuwa wakipukuchua maharage, alisema, "Mama Happyness, tuchimbe bwawa."

"Bwawa la nini?"

"La samaki. Pale chini, karibu na kijito. Mama atakula samaki aliyekufa siku hiyo hiyo. Na atakaa karibu na maji."

Christina alimtazama mume wake. "Umewahi kufuga samaki, wewe?"

"Sijawahi. Lakini nimefuga mbuzi, kuku na nyuki. Samaki hatanishinda."

Walichimba. Udongo wa bondeni ulikuwa mfinyanzi, ulishika maji vizuri. Walichimba mfereji mdogo kutoka kijitoni, na maji yakaingia. Mayu aliletwa na kigoda chake. Alikaa ukingoni akisikiliza maji yanavyoingia. Siku hiyo hakutazama upande wa mashariki hata mara moja.

Yalibaki mambo ya mbegu. Abeli hakujua vifaranga vya samaki vinapatikana wapi, na hakumuuliza mtu. Siku moja alipita karibu na shimo kubwa kando ya barabara, mahali walipowahi kuchimba changarawe. Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Abeli alichungulia, akasimama palepale.

Maji yalikuwa yamejaa vijisamaki. Miili yao ilipitisha mwanga kama nailoni. Walielea kwa makundi, vichwa vikiinama chini kidogo, na ncha za mikia zikitetemeka. Kila mmoja alikuwa na ndevu mbili ndefu mdomoni.

"Kambale!" alisema Abeli.

Alikimbia nyumbani kuchukua ndoo.

Christina alipowaona, alisita. Watoto wa kambale aliowajua utotoni walikuwa weusi kidogo. Tena walikaa chini, kwenye matope. Hawa walikaa katikati ya maji. Lakini ndevu walikuwa nazo. Na yeye alitaka sana wawe samaki.

"Labda kambale wa huku wako hivi," alisema.

Waliwamimina bwawani. Abeli alimshika Mayu mkono, akamsogeza hadi ukingoni. "Tia mkono, mama."

Mayu alitia mkono majini. Alikaa hivyo muda mrefu. Vijisamaki vilipita kati ya vidole vyake. Abeli alikuwa akicheka kama mtoto.

"Unawasikia, mama?"

"Nawasikia," alisema Mayu. "Asante, baba. Mungu akubariki."

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Mayu alikwenda bwawani asubuhi, akarudi wakati wa chakula cha mchana. Alikula ndizi. Alikula hata dagaa. Jioni alimsimulia Happyness habari za ziwa: jinsi taa za wavuvi zinavyoonekana kama mji, na jinsi mume wake alivyopiga mluzi akikaribia ufukwe ili yeye abandike sufuria. Christina alitafsiri pale maneno yalipogeuka kuwa Kisukuma. Kuna maneno mengine hata yeye alikuwa ameyasahau. Alimwuliza mama yake, akayajifunza upya.

Abeli alileta pumba kila siku. Vijisamaki vile vilinenepa.

Kisha asubuhi moja Abeli alirudi kutoka bondeni akikimbia. Alimvuta Christina hadi nyuma ya nyumba.

"Samaki wameota miguu."

"Miguu?"

"Miguu, Mama Happyness! Miwili, nyuma. Wengine wana minne!"

Christina alishuka akaona kwa macho yake. Ilikuwa kweli. Wengine walikuwa na miguu midogo karibu na mkia. Wengine walikuwa na minne, na mkia wao ulikuwa umeanza kufupika.

Mtu mmoja aliyekuwa akichota maji kijitoni alichungulia na kuondoka kimya. Kufikia mchana, watu njiani walikuwa wakisema bwawa la Abeli limerogwa. Abeli alichukua jembe.

"Nalifukia," alisema. "Leo leo."

"Subiri kwanza," alisema Christina. "Niende kwa Mwalimu Esperansia. Akisema fukia, tutafukia wote."

Mwalimu Esperansia alikuwa jirani yao. Alifundisha biolojia katika shule ya sekondari ya kata. Christina alimsubiri hadi alipotoka shule. Walishuka bondeni pamoja, mwalimu akiwa bado na vumbi la chaki mikononi. Njiani alipitia jikoni kwa Christina, akachukua beseni jeupe na sato mmoja mkavu aliyening'inia juu ya meko.

Abeli alikuwa amesimama na jembe. Mayu alikuwa kwenye kigoda chake ukingoni. Christina alitamani mama yake asiwepo, lakini hakuwa na namna ya kumwondoa.

"Shikamoo, bibi," alisema Esperansia.

"Marahaba, mwanangu."

Mwalimu alizamisha beseni, akaliinua polepole. Ndani walibaki viumbe watatu. Mmoja alikuwa na mkia tu. Wa pili alikuwa na miguu ya nyuma. Wa tatu alikuwa na miguu yote minne.

"Hawa si kambale, Baba Happyness," alisema. "Na hawajarogwa. Ni viluwiluwi. Ni watoto wa chura."

"Hapana, mwalimu," alisema Abeli. "Viluwiluwi navijua. Ni vyeusi, vinafanana na punje za maharage zenye mkia. Hawa wana ndevu."

"Vyura wako wa aina nyingi. Hawa ni wa yule chura anayeishi majini maisha yake yote. Anateleza kama sabuni. Miguu ya nyuma ina kucha nyeusi."

"Yule!" alisema Christina. "Tunamtoa kisimani kila siku!"

"Ndiye huyo. Sasa tumtazame huyu mdogo vizuri. Baba Happyness, ana ndevu ngapi?"

"Mbili."

"Kambale ana nane. Haya, tazama nyuma ya kichwa chake. Unaona mapezi?"

Abeli aliinama. "Sioni."

Mwalimu alimwinua yule sato mkavu. "Samaki ana mapezi yaliyo mawilimawili, moja kila upande, kama mikono. Haya hapa. Mengine mawili haya hapa. Sasa, chini ya mfuniko huu wa shavu kuna nini?"

"Yale mekundu," alisema Christina. "Ya kupumulia."

"Yanaitwa matamvua. Samaki huyu anayatumia kupumua ndani ya maji tangu utoto hadi kufa. Kiluwiluwi naye ana matamvua, lakini hana mfuniko kama huu. Akikua, matamvua yanapotea na anapumua kwa mapafu. Ndiyo maana chura wa kisimani anapanda juu kila mara. Anafuata hewa."

Abeli aliweka jembe chini. "Lakini mwalimu, wamefanana na samaki sana. Sikuwa mjinga."

"Hukuwa mjinga. Wanafanana kwa sababu ni ukoo mmoja. Ni ndugu wa mbali. Hata wewe umo."

"Mimi? Na chura?"

Esperansia alicheka. Aliketi kwenye nyasi, nao wakaketi.

"Ukoo huo unaitwa kordata," alisema. "Kila mnyama wa ukoo huo, anapoanza kuumbwa, ana mambo manne. Mgongoni ana kijiti laini kinachopindika, kilichoshika mwili. Juu ya kijiti hicho inapita kamba ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka kichwani. Kooni ana mipasuo midogo pande zote mbili. Na ana mkia unaopita nyuma ya njia ya haja kubwa."

"Mtoto tumboni ana mkia?" aliuliza Christina.

"Mwanzoni anao. Mfupi. Halafu unapotea, unabaki kifupa kidogo mwisho wa mgongo. Ukianguka kwa makalio kwenye utelezi, ndicho kinachokuuma."

Abeli alijishika mgongoni bila kufikiri.

"Ile mipasuo ya kooni, kwa samaki inakuwa matamvua. Kwetu sisi inabadilika, inakuwa sehemu za sikio na koo. Na kile kijiti laini, kwa wengi wetu, nafasi yake inachukuliwa na uti wa mgongo. Konokono hana hayo. Panzi hana, nyungunyungu hana. Lakini samaki anayo, chura anayo, kuku anayo, mbuzi anayo, mtu anayo."

"Sasa kama wote ni kordata, tunawatofautishaje?" aliuliza Abeli. "Kenge, kwa mfano. Ana miguu minne na anaingia majini. Ni chura?"

"Gusa ngozi yake."

"Simgusi!"

"Basi mtazame kwa mbali. Ngozi ya chura ni laini na ina majimaji, haina magamba. Ya kenge ni kavu, ina magamba. Chura anataga mayai laini majini. Kenge anataga nchi kavu, mayai yenye ganda. Chura yuko kwenye kundi la amfibia. Kenge, nyoka, mjusi na kobe ni reptilia."

"Na popo? Ana mabawa. Ni ndege."

"Ana manyoya ya ndege?"

Abeli alifikiri. "Ana nywele."

"Na mtoto wake anamlisha nini?"

"Sijui."

"Ananyonyesha. Mwenye nywele na anayenyonyesha ni mamalia, hata akiruka. Kundi moja na mbuzi wako, na sisi. Ndege ni mwenye manyoya ya ndege, kama kuku na kunguru. Kwa hiyo usikimbilie mabawa, wala ndevu, wala mkia. Jiulize: ngozi yake ikoje? Anapumua kwa kutumia nini? Watoto anawapataje?"

Kiumbe mwenye miguu minne aliruka kutoka kwenye beseni, akaanguka bwawani.

"Kwa hiyo nimewalisha vyura pumba," alisema Abeli kwa sauti ndogo. Kisha alimgeukia mama mkwe wake. Sura yake ilikuwa imejaa aibu. "Mama, nisamehe. Niliahidi samaki."

Mayu alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini, Mayu?" aliuliza Christina.

"Nilijua tangu siku ile ya kwanza, nilipotia mkono. Mtoto wa kambale ana mwiba kwenye pezi. Ukimshika vibaya anakuchoma. Hawa walikuwa laini kama ulimi."

"Kwa nini hukusema?"

Maji ya mfereji yalikuwa yakiingia bwawani taratibu.

"Abeli alikuwa anacheka," alisema. "Na mimi nilikuwa nasikia maji. Nilijua nikisema, mtalifukia. Ndiyo nikanyamaza. Nikasema moyoni, hata wakiwa vyura, acha nikae hapa." Alitafuta mkono wa Christina hewani, akaupata. "Msilifukie, mwanangu. Sitaki samaki tena. Niachieni maji tu."

Christina aliinamia mkono wa mama yake. Abeli alitazama pembeni, kwenye migomba.

"Bibi, hakuna atakayelifukia," alisema Esperansia. "Bwawa ni zuri. Kilichokosekana ni mbegu ya kweli. Na samaki utakula."

Kesho yake Abeli alikwenda Ngara mjini, kwenye ofisi ya uvuvi ya wilaya. Safari hii aliuliza kila kitu. Afisa uvuvi alikuja Kirushya, akalipima bwawa, akawaeleza la kufanya. Walifungua maji yote yakatoka. Waliwakusanya vyura kwa ndoo na kuwapeleka kwenye matete ya kijitoni. Abeli alitaka kuwatia sumu wale waliojificha matopeni, lakini afisa alimkataza.

"Sumu itabaki kwenye udongo na kuingia kijitoni, ambako watu wanachota," alisema. "Tena vyura wanakula viluwiluwi vya mbu. Waache waishi, ila wasiishi humu. Wakiingia, watakula vifaranga vyako."

Waliliacha bwawa likauke juani. Walinyunyiza chokaa ya kilimo, wakaweka samadi ya mbuzi kwenye kona moja. Mdomo wa mfereji waliufunga kwa wavu wenye matundu madogo. Ukingo waliuzungushia uzio mfupi wa matete. Kisha walirudisha maji na kusubiri hadi yakawa na rangi ya kijani, maana rangi hiyo ni chakula cha samaki wadogo.

Wakati wote huo Mayu alikaa nyumbani. Bwawa lilipokuwa kavu, alirudi kutazama vilima. Alikula vijiko viwili tena. Usingizini aliita majina ya watu ambao Christina aliwakumbuka kidogo tu, wavuvi waliokwisha kufa. Christina alianza kuogopa. Alimwomba Mungu vifaranga vifike upesi.

Vilifika kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa, kutoka kwa mfugaji anayezalisha mbegu. Walikuwa sato. Abeli hakuimimina mifuko mara moja. Aliinua mmoja juani.

"Mapezi mawilimawili, yapo," alisema. "Mfuniko wa shavu, upo. Magamba, yapo."

Afisa uvuvi alicheka. "Wewe sasa ni mwalimu."

Aliwaonyesha jinsi ya kuiacha mifuko ielee bwawani kwanza, ili maji ya ndani na ya nje yalingane joto. Kisha waliifungua, na vifaranga wakatoka wenyewe, mmoja mmoja.

Mayu alirudi ukingoni na kigoda chake. Huko kwenye vilima maji ni ya baridi, na sato hawakui haraka. Msimu wa maharage ulipita, ukaja mwingine. Mayu alingoja. Alianza kuwatambua kwa masikio. "Leo wamekuja juu kula," alisema. Au, "Leo wamenyamaza, maji yamechafuka." Abeli alijifunza kumsikiliza. Watu wale wale waliosema bwawa limerogwa walianza kuja kuuliza mbegu inapatikana wapi. Abeli aliwaeleza, na kila mara aliwaanzia na ndevu za kambale.

Siku ya kuvua, Abeli aliingia majini na wavu pamoja na Christina. Walivuta. Maji yalichemka kwa mikia. Abeli alichagua sato mkubwa kuliko wote, akapanda naye ukingoni na kumweka kwenye mapaja ya Mayu. Samaki alirukaruka. Mayu alimbana kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Alipapasa magamba. Aliinua mfuniko wa shavu, akanusa.

"Huyu," alisema.

Alikataa samaki apikwe jikoni. Christina aliwasha moto hapo hapo bondeni, akampika kwa maji na chumvi tu, kama walivyopika kwao. Esperansia alikuwepo. Happyness alishika sahani. Wote walisubiri Mayu aonje kwanza.

Mayu alikula kipande. Alitafuna polepole, macho yake yakiwa yamefumbwa. Machozi yalishuka.

"Mama, si mtamu?" aliuliza Abeli kwa wasiwasi.

"Mtamu, baba. Lakini ladha ya nyanza siyo hii." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ladha ya nyanza sitaipata tena. Nalijua hilo. Nilikuwa sitaki kulijua."

Christina naye alionja. Mama yake alisema kweli. Kulikuwa na kitu kimekosekana, na alikitambua mara moja, ingawa hakuwa na jina lake kwa Kiswahili wala kwa Kisukuma. Alimtazama mama yake.

Mayu alinyoosha sahani yake.

"Lakini ni samaki," alisema. "Amekufa leo. Niongezee, na kichwa unipe mimi."